Fundo la Mkono wa Kushoto

Jumatano ilikuwa siku ya ubao, na katika kundi la Profesa Rweyongeza hakuna aliyekunywa chai ikashuka vizuri asubuhi ya Jumatano. Mtu aliitwa mbele, akapewa chaki, akaambiwa athibitishe alichokifanyia kazi wiki nzima. Akikosea, alibaki palepale mbele ya wenzake mpaka Profesa achoke kumcheka. Na Profesa, jamani, hakuwa mtu wa kuchoka upesi.

Wiki ile Lutengano alipohamia kwao kutoka chuo kingine, ubao ulimwangukia yeye. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye sweta la bluu lililochakaa viwikoni. Badala ya kuanza na milinganyo alitoa kitenge mfukoni, akamwomba Nakiete, mmoja wa watafiti wa kundi, ashike ncha moja na yeye akashika nyingine, kisha akakisokota mara moja katikati. Akasema hii ndiyo solitoni, hili ndilo fundo tunalolitafuta. Unaweza kulisukuma huku, unaweza kulisukuma kule, litatembea na umbo lake bila kupungua. Kulitoa huwezi, maadamu ncha zimeshikwa. Halafu akasokota mara ya pili upande wa pili, akaisukuma misokoto miwili ikutane, na kitenge kikanyooka kama kilivyotoka dukani. Wote mle ndani walikuwa na shahada za mambo hayo, lakini Nakiete hakuwahi kuyaona yameelezwa vizuri hivyo, na alifurahi kweli.

Kisha Lutengano akageukia ubao, akauandika msokoto wa kushoto kwa alama ya chanya.

Huko alikotoka ndivyo walivyohesabu. Kwa Rweyongeza kulia ndiko chanya na kushoto ni hasi. Hayo ni makubaliano tu, hayana ukweli wala uongo ndani yake, ni kama nchi kuamua magari yapite upande gani wa barabara. Mtu mwenye utu angesema, ndugu yangu, sisi hapa tunahesabu kinyume. Profesa alimwambia anyooshe mkono wa kushoto juu na asiushushe mpaka kikao kiishe, ili asisahau tena ni upi. Kikao kikaendelea, watu wakauliza maswali na kujibiwa, na dokta mzima akasimama pembeni ya ubao mkono juu kama mtoto wa chekechea anayeomba kwenda chooni. Watu walicheka. Nakiete naye alicheka, na tusimsingizie kwamba alicheka kwa woga tu.

Tangu siku hiyo Lutengano aliandika kila kitu kwa mkono wa Profesa, na hakuuliza swali tena.

*

Kilicholifanya kundi lile lijulikane ni kwamba mafundo hayo walikuwa wameyakuta ndani ya watu.

Huzuni nyingi si fundo. Ukifukuzwa kazi, ukiachwa, ukifeli, ubongo unatikisika kisha mawimbi yanatulia, hata kama yanachukua muda. Lakini kuna msiba unaousokota ubongo mara moja, ukashika ncha zote mbili. Huo hautulii kwa dawa wala kwa maombi, kwa sababu hakuna njia laini ya kuufikisha kwenye sifuri. Na furaha nazo, chache sana, husokota hivyohivyo upande wa pili. Profesa aliamua huzuni iwe chanya na furaha iwe hasi. Alisema ni haki huzuni ipewe alama ya kuongezeka, maana ndiyo watu waliyonayo kwa wingi.

Chombo chao kiliitwa Pete. Zilikuwa mbili, kila moja na kitanda chake, zimeunganishwa na mfereji wa chuma uliopozwa mpaka ukaota barafu. Walianza na kondoo. Walimchukua kondoo aliyefiwa na mwanawe, wakamhamishia fundo lake kondoo mwingine ambaye hajazaa maishani, na huyo akasimama kwenye uzio akalia akitafuta mwana asiyekuwepo. Baadaye wakamkutanisha aliyefiwa na aliyetoka kuzaa. Chanya na hasi zikafutana. Aliyefiwa akaanza kula majani. Aliyezaa akainuka, akamwacha mwanawe akilia kwa njaa, akaenda kulala upande wa pili wa zizi. Walipiga makofi siku ile, na yule mwanakondoo akalelewa kwa chupa na mke wa mlinzi.

Kundi lilikuwa na desturi moja ya heshima, labda ndiyo pekee. Mgeni, siku ya kwanza kabisa, hujifungia na Pete, hujipima mwenyewe, na huandika alama yake kwa mkono wake. Moyo wa mtu haukaguliwi na mwenzake, ndivyo walivyosema. Matokeo husomwa kwa wote mara moja, basi. Karibu wote walikuwa sifuri. Nakiete alikuwa sifuri, na Profesa alimwambia mbele za watu kwamba moyo wake ni shuka iliyopigwa pasi. Ni Lutengano peke yake aliyekuwa na kitu. Alikuwa na fundo moja, hasi.

Hakuna aliyeshangaa. Mezani kwake kulikuwa na picha ya mtoto mchanga amevishwa kofia ya sufu, na walipomuuliza alisema ni binti yake, anaitwa Tusajigwe, yuko Tukuyu kwa mama yake. Aliitazama picha ile kila alipoketi. Wakasema huyu baba ana bahati, ana furaha isiyofutika, wakaendelea na kazi zao.

*

Mama yake Nakiete alikuwa anakufa kwa kukataa kula.

Elinami, mdogo wake Nakiete, alichukuliwa na mto akivuka na pikipiki, na mwili haukupatikana. Mama alianza kwa kukaa mlangoni. Baadaye akaanza kugonga kichwa ukutani, taratibu, saa nzima, mpaka chokaa ikatoka. Mwisho akafunga mdomo. Nakiete alimleta aishi naye kwenye nyumba ya chuo, akampikia uji wa ulezi, akampikia ndizi za kwao Upare, akamkalia na kijiko. Mama aligeuza uso. Alisema mwanangu ana njaa huko majini, mimi nile nini. Hospitali walimtundikia maji, wakamrudisha, wakamtundikia tena. Daktari alimwita Nakiete pembeni akamwambia ajiandae.

Nakiete alikwisha kumpima mwenyewe. Fundo moja, chanya, limekaa barabara. Alilitazama kwenye kioo cha Pete kama mtu anayemtazama mwizi wake akiwa ndani ya gari la watu wengine. Dawa aliijua, aliisaidia kuigundua. Alihitaji hasi moja tu, na katika mji mzima aliijua hasi moja, ilikuwa imekaa meza ya tatu kutoka dirishani imevaa sweta la bluu.

Angeweza kumwomba. Alifikiri hivyo mara nyingi, na kila mara alijibu mwenyewe kwa niaba yake: nani atakubali kumtazama mwanawe kama mtoto wa jirani? Akikataa, atakuwa ameshaonywa, na Mama atakufa. Bora nisimuulize. Ndivyo alivyojipangia, na hesabu yake ilikuwa safi kabisa. Mtoto ana mama yake. Lutengano atabaki mtu mzima, mwenye kazi, mwenye afya, atapungukiwa na kitu kimoja ambacho watu wengi hawakuwahi kuwa nacho. Yeye Nakiete mwenyewe hana na anaishi.

Alimwendea Profesa. Hakusema wazi, alizungukazunguka, akataja hali ya Mama, akataja kondoo. Profesa aliendelea kumenya chungwa lake. Alisema kibali cha kujaribu kwa binadamu kiko njiani, kitachukua muda wake, na kwamba yeye hajasikia chochote mchana ule.

"Ila Alhamisi zamu ya kulala kwenye Pete tuisawazishe ni ya Lutengano," akasema. "Usiicheleweshe kazi."

Alhamisi Lutengano alilala kwenye Pete ya kwanza bila wasiwasi, maana kila mmoja wao alilala hapo kwa zamu, na sindano ya usingizi ilikuwa jambo la kawaida. Alimuuliza Nakiete hali ya mama yake, akasema anamwombea. Nakiete akamshukuru. Alipolala, akamwingiza Mama kwa kiti cha magurudumu, akamlaza kwenye Pete ya pili, akamfunga mikono kwa kanga ili asijigonge, kisha, bila kuikagua alama, maana desturi ilikataza, akalisukuma fundo la Lutengano kwenye mfereji kuelekea kwa Mama.

Lilitembea vizuri sana. Lilitembea na umbo lake bila kupungua, kama lile la kitenge.

*

Mama alifumbua macho. Hakutikisa kichwa, hakulia. Nakiete alimfungua kanga huku machozi yakimtoka, na mikono ya Mama ilipokuwa huru haikwenda kichwani. Ilikunjika kifuani, mmoja chini, mmoja juu, na ikaanza kubembeleza.

"Yuko wapi?" Mama akauliza.

"Nani, Mama?"

"Mtoto. Si mmemchukua sasa hivi? Nileteeni, maziwa yamejaa yananiuma."

Mama alikuwa ajuza, kifua chake kilikauka zamani. Nakiete aligeukia kioo. Pete ya kwanza ilisoma sifuri. Pete ya pili haikusoma sifuri, ilisoma mbili. Mafundo yalikuwa yamekaa pamoja, yote ya mkono wa kulia, na hakuna kilichofutana na kingine.

Profesa alikuwa mlangoni. Haijulikani alisimama hapo tangu lini. Aliingia taratibu, akainamia kioo, akasema "Mbili" kwa sauti ndogo ya mtu aliyepewa mjukuu. Miaka yake yote alikuwa ameandika kwamba fundo la mbili lawezekana, na hakuna aliyewahi kuliona.

Nakiete alisema alama ilikuwa hasi, wote waliisikia ikisomwa. Profesa akamweleza bila haraka, kama anavyomweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lutengano alijipima siku ya kwanza. Ubaoni alisimama siku chache baadaye. Siku anajipima alikuwa bado anahesabu kwa mkono wa kwao, na hasi ya kwao ndiyo chanya ya hapa. Baada ya aibu ile alirekebisha kila kitu ila hicho, maana kukirekebisha kungemlazimu asimame mbele ya wote aseme furaha mnayonisifia ni msiba. Yule mtoto wa kwenye picha alikufa kwa homa kabla baba yake hajahamia. Mkuu wake wa zamani alimdokeza Profesa kwenye simu.

"Ulijua," Nakiete akasema. "Ukaniacha."

"Na wewe ulikuwepo siku ya ubao, ulicheka, ungeweza kujua. Swali moja tu, binti. Kaka, mtoto hajambo? Angekujibu, yule hajui kudanganya akiulizwa." Akajifuta mikono na leso. "Hukuuliza kwa sababu ulitaka kuiba."

Kwenye Pete ya kwanza Lutengano aliamka, akajinyoosha, akauliza kama kantini bado wana chakula.

*

Profesa alilitangaza jambo lile kwa kundi zima kama ushindi, na Lutengano akalisikia hapo hapo pamoja na wengine, sambusa mkononi. Hakukasirika. Alimwambia Nakiete baadaye kwamba anajua mtoto alikufa, anajua tarehe, anajua alimvisha kofia gani kaburini, anayajua yote kama anavyoujua mji mkuu wa Zambia. Kumbukumbu hubaki kwa mwenyewe. Kinachohama ni uzito wake na namna mwili unavyoubeba. Alisema yote hayo akitabasamu, na wiki ile akanenepa kidogo.

Nyumbani, Nakiete alikaa akingojea Mama afe kwa misiba miwili. Siku ya pili asubuhi Mama aliomba uji.

Alikunywa bakuli zima. Akaomba lingine. Nakiete alisimama na sufuria mkononi asijue acheke au alie. Mama akamweleza, kwa sauti ya mtu mzima anayemfundisha mwali, kwamba mwenye kunyonyesha lazima ale, asipokula maziwa yatakatika, na mtoto akiletwa atanyonya nini? Elinami hakumtaja. Elinami alikuwa bado humo ndani na maumivu yake yote, unayaona usoni pa Mama anapolala. Ila mchana alikula, na kila alipomaliza kula alikunja mikono kifuani akauliza mtoto ataletwa lini.

"Kesho, Mama," Nakiete akajibu.

Mama akakubali. Kesho yake akauliza tena, Nakiete akajibu vilevile, na mashavu ya Mama yakaanza kurudi. Daktari alisema hajaona kitu kama hicho. Profesa naye alikuja kila wiki na mitambo yake midogo kumpima, akamletea Mama machungwa, akamwita bibi harusi.

Kisha Jumanne moja Lutengano alimfuata Nakiete kwenye korido. Alikuwa ametoka Tukuyu. Familia ilikuwa imeweka msalaba kwenye kaburi la Tusajigwe, ndugu wote walikuja, na mkewe alipopiga magoti akalia mpaka akashikwa, yeye alimgusa shemeji yake bega akauliza wali uko tayari au bado. Alisikia njaa, basi. Mkewe aliinua uso akamtazama, na tangu wakati ule hajamwambia neno.

"Analia peke yake, dada Nakiete," akasema. "Tulikuwa wawili. Nirudishie changu."

Nakiete alisema si rahisi. Lutengano alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Mafundo mawili ya upande mmoja hayapendani, yanasukumana. Ukifungua mfereji kidogo tu, moja litateleza lenyewe litoke, lile la mwisho kuingia, na Mama atabaki na moja lake kama zamani. Alizieleza zile hatua kwa upole, kila moja ilikuwa sahihi, na Nakiete alikwisha kuzipitia yeye mwenyewe wiki nyingi kabla yake. Alijua pia maana ya kama zamani. Ni ukuta, na mdomo uliofungwa.

Akamwambia kesho ni zamu yake ubaoni, atalionyesha kundi kama mbili inagawanyika au haigawanyiki, na lolote litakalotoka ubaoni ndilo litakalofuatwa. Lutengano akashukuru. Hata akamshika mkono.

*

Nakiete aliandika ubao mzima siku ile. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na hoja zake zilitembea hatua kwa hatua, shwari, mpaka kwenye mstari ambao kila kitu kiliutegemea: je, mafundo mawili yaliyo pamoja yanasukumana au yanavutana? Yakisukumana yanatengana. Yakivutana hayatenganishwi milele. Ni alama moja tu mbele ya neno moja la mlinganyo. Palipotakiwa chanya aliandika hasi, kwa makusudi, akaendelea mpaka chini akapigia mstari jibu: fundo la mbili haligawanyiki.

Alipogeuka, Profesa alikuwa amekunja mikono anautazama mstari uleule. Aliuona. Mtu huyo aliona kosa la alama kutoka nje ya dirisha. Nakiete alingojea kucheka kwake, na kicheko hakikuja. Profesa alikuwa na mbili moja tu duniani, na hakuwa na haja ya kuipoteza.

"Kuna mwenye swali?" akauliza.

Nyuma kabisa, mkono uliinuka. Lutengano alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti, macho yako kwenye mstari ule, mdomo umefunguka tayari kusema. Profesa aligeuka akamtazama, akatabasamu.

"Huo ni mkono gani, Dokta?"

Lutengano akautazama mkono wake. Ulikuwa wa kushoto. Chumba kizima kikaangua kicheko, wengine wakapiga meza, na Nakiete, chaki bado iko vidoleni, akacheka pamoja nao kwa sauti kuliko wote. Alicheka mpaka mkono ule ukashuka. Lutengano akaketi. Profesa akasema basi, imethibitika, nani anafuata wiki ijayo.

Jioni Nakiete alipika uji mzito, akatia maziwa na siagi kidogo, akaketi kitandani kwa Mama. Nywele za Mama zilikuwa zimesukwa, kucha zimekatwa. Mikono ilikuwa kifuani, inabembeleza.

"Baba yake amekuja?" Mama akauliza. Hakuwahi kuuliza hilo.

"Amekuja, Mama."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

Mama akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema wanaume ndivyo walivyo, wanakuja mikono mitupu. Kisha akauliza mtoto ataletwa lini. Nakiete akachota uji, akaupuliza upoe, akamwambia kesho, na Mama akafungua mdomo.